Kifuniko cha tangi la samaki chenye bitana ya kung'aa na feni mbili za kompyuta

Februari, saa tisa alasiri, nyumba ya juu kabisa katika jengo la ghorofa tano huko Umoja, Nairobi. Nilifungua mlango nikawakuta samaki wangu wote, aina ya gapi, wamepanda juu ya maji, midomo nje, mashavu yanafunguka na kufunga haraka haraka. Kipimajoto kilisoma nyuzi 31. Kifuniko kilikuwa cha plastiki nyeusi, nimekinunua kikiwa tayari, na tyubu mbili ndani yake, bila tundu lolote la hewa. Nilipokiinua, mvuke ulinipiga usoni kama mtu anayefunua sufuria ya githeri. Samaki watatu hawakufika asubuhi.

Tangu siku hiyo vifuniko vya matangi yangu nimevitengeneza mwenyewe, na nimewatengenezea majirani kadhaa. Ninachoeleza hapa ni kile ninachokitumia sasa. Ni kazi ya wikendi mbili, ya kwanza ya kukata na kupaka, ya pili ya kufunga feni na taa. Katikati yake kuna wiki nzima ya kungoja rangi na silikoni zikauke, na wiki hiyo usiipunguze.

Kwa nini Nairobi

Watu hudhani mji huu ni wa baridi, kwa hiyo samaki hawawezi kuumizwa na joto. Ni kweli kwamba Julai usiku baridi hushuka hadi karibu nyuzi 11. Lakini Januari hadi Machi mchana hufika nyuzi 27 au 28 kivulini, na nyumba iliyo chini ya zege au mabati huwa na joto kuliko nje. Ongeza taa zilizofungiwa juu ya maji.

Tena kuna jambo la mwinuko. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, na kanieneo ya hewa hapa ni takriban asilimia 80 ya ile ya Mombasa. Maji hushika oksijeni kulingana na kanieneo hiyo. Maji ya nyuzi 25 yaliyo usawa wa bahari hubeba oksijeni takriban miligramu 8 kwa lita. Hapa kwetu ni kama 6.7, na kadiri joto linavyopanda ndivyo inavyozidi kupungua. Samaki wa Nairobi anaanza siku akiwa na akiba ndogo ya pumzi, ndiyo maana nyuzi chache tu zinamfikisha juu ya maji.

Faida tuliyo nayo ni hewa kavu. Feni haipozi maji kwa kuyapulizia baridi. Inayapoza kwa kuondoa mvuke, na kila tone linalogeuka mvuke huondoka na joto lake. Kwa tangi la lita 140, mvuke wa robo lita tu huchukua joto la kutosha kushusha maji yote nyuzi 1. Mombasa hewa imejaa unyevu, kwa hiyo feni hiyo hiyo hufanya kazi kwa shida. Nairobi mwezi wa Februari hufanya kazi vizuri sana.

Kwa hiyo kifuniko kina kazi mbili: kurudisha mwanga chini na kutoa joto nje. Vipimo vyote vifuatavyo vinatokana na hizo mbili.

Vitu vya kutafuta

Vipimo vyangu ni vya tangi la futi tatu, yaani urefu wa sentimita 90, upana 40 na kimo 45. Lako likiwa tofauti, pima ukingo wa nje wa kioo, si wa ndani, na upime pande zote nne. Matangi mengi yaliyounganishwa mtaani hayako mraba kamili. La kwangu lilikuwa limezidi milimita 4 upande mmoja wa nyuma, na kama ningepima mbele tu, kifuniko kisingeingia.

Nunua nusu shiti ya plaiwudi ya marini (inayostahimili maji) ya milimita 12. Usishawishike na MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizogandishwa) kwa sababu ni rahisi na imenyooka. Ndani ya miezi michache mvuke utaivimbisha kama mkate uliolowa chai. Kwa nguzo za pembeni tafuta kipande cha saipresi cha inchi moja kwa inchi moja. Gikomba utapata vipande vilivyobaki kwa bei ya maelewano, ila uulize swali moja kabla hujalipa: "Fundi, mbao hii imetiwa dawa?" Mbao za paa zenye rangi ya kijani mara nyingi zimetiwa dawa yenye shaba, na shaba huua samaki, na kamba na konokono wa tangini huwamaliza kabla ya samaki. Ukiona ukijani, rudisha.

Feni mbili za kompyuta za milimita 120, volti 12. Luthuli Avenue zipo mpya na zilizotolewa kwenye kompyuta kuukuu. Zilizotumika si mbaya, ila zizungushe kwa kidole kabla ya kununua. Feni nzima huzunguka kimya na kusimama polepole. Ikikwaruza au ikisimama ghafla, iache. Soma kibandiko cha katikati pia: nyingi hula ampea 0.15 hadi 0.25.

Kwa taa, chukua ukanda wa LED wa volti 12 uliofunikwa kwa silikoni, mwanga mweupe wa mchana, ule wa wati 14.4 kwa mita. Chukua pia mifereji mitatu ya alumini ya kubandikia ukanda, adapta ya volti 12 ya ampea 5, na bodi ndogo ya saketi ya thamostati (swichi inayofuata joto) iitwayo W1209, yenye kihisio kwenye waya. Ongezea bawaba mbili, waya wa wavu wa mbu, msasa, vanishi ya poliyurethani, rangi nyeupe isiyong'aa, gundi ya mbao na tyubu ya silikoni. Silikoni iwe ile inayonuka siki na isiyoandikwa kwamba inazuia ukungu. Dawa ya ukungu ndiyo inayodhuru.

Mbona kila kitu ni volti 12? Kwa sababu soketi zetu ni za volti 240, na mkono wenye maji haustahili kukutana na volti 240 ndani ya sanduku lenye mvuke. Nilikuwa na tyubu za moja kwa moja kwenye stima, nikapigwa siku moja nikiwa nimeshika ukingo wa kioo. Adapta ikikaa mbali na maji, hatari kubwa inabaki ukutani.

Sanduku

Kata, au umwombe fundi akukatie kwa mashine, vipande hivi:

– mbele na nyuma: viwili vya sentimita 93 kwa 20
– ubavu: viwili vya 40.6 kwa 20
– juu: kimoja cha 93 kwa 43, kisha ukipasue kwa urefu upate 13 na 30

Ndani ya sanduku kutakuwa na 90.6 kwa 40.6, yaani milimita 3 za nafasi kila upande. Nafasi hiyo ni ya lazima kwa sababu mbao itavimba kidogo hata ukiipaka vipi.

Kata nguzo sita za sentimita 17. Nne zikae kwenye kona, mbili katikati ya mbele na nyuma. Zigundishe na kuzifunga kwa skrubu zikiwa zimelingana na ukingo wa juu, ili chini zibaki sentimita 3 za plaiwudi zinazoning'inia. Ukiweka sanduku juu ya tangi, nguzo zinasimama juu ya kioo na zile sentimita 3 zinakumbatia ukingo kwa nje. Chini ya kila nguzo bandika kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli ili mbao isigonge kioo.

Kabla ya kufunga sehemu ya juu, toboa mbavu. Ubavu wa kushoto ni wa feni: vituo viwili, cha kwanza sentimita 12.5 kutoka kona moja, cha pili sentimita 28 kutoka kona hiyo hiyo, vyote sentimita 12.5 kutoka chini. Chora duara la kipenyo cha sentimita 11.5 kila kituo na ulikate kwa msumeno mwembamba. Matundu ya skrubu za feni hii hutengana milimita 105, lakini ni rahisi zaidi kuiweka feni yenyewe juu ya duara na kutia alama kwa penseli.

Ubavu wa kulia ni wa kutokea hewa. Kata dirisha moja la sentimita 34 kwa 7, ukingo wake wa juu ukiwa sentimita 2 chini ya kilele. Watu wengi hutoboa vitundu vitano vya kidole hapa na kudhani yatosha. Haitoshi. Maduara mawili ya feni yana eneo la karibu sentimita mraba 208. Hewa inayoingia lazima ipate pa kutokea, na wavu wa mbu nao huziba sehemu yake, kwa hiyo dirisha liwe kubwa kuliko maduara. Langu lina 238. Feni ikikosa njia ya kutolea hewa itavuma tu, na maji hayatapoa.

Kipande cha juu cha sentimita 13 kifunge moja kwa moja nyuma. Kile cha 30 ni mlango, kiunganishe kwa bawaba. Nyuma kabisa, kwenye kona ya chini, kata pengo la kupitisha mipira ya chujio na nyaya.

Piga msasa. Paka vanishi mara tatu nje na ndani, na kingo zilizokatwa zipake mara nne, kwa maana maji huingilia hapo. Ndani, juu ya vanishi, paka rangi nyeupe mara mbili. Kisha liache sanduku nje ya chumba cha samaki hadi usisikie harufu yoyote ukiingiza kichwa ndani.

Bitana

Hapa ndipo mabishano huwa mengi, na wengi hukimbilia karatasi ya alumini ya jikoni. Inarudisha mwanga vizuri, sikatai, na wala si muhimu upande upi unatazama chini kwa kuwa tofauti yake ni ndogo mno. Ubaya wake ni mwingine. Inachanika, inashuka kona moja baada ya nyingine, na inapitisha umeme. Kipande kilicholegea kikigusa waya ulio wazi na maji kwa pamoja, umejitengenezea shoti.

Ninachotumia mimi ni zile ngao za kung'aa za kuzuia jua kwenye kioo cha gari, ambazo wachuuzi huzipitisha kwenye foleni ya Thika Road. Ndani zina sponji nyembamba, nje zina utando wa fedha. Moja inatosha tangi la futi tatu na kubaki. Ikate kwa makasi, ibandike kwa matone ya silikoni kila baada ya sentimita 8, ipapase kwa kitambaa kikavu kutoka katikati kwenda pembeni. Mikunjo midogo isikusumbue, haipotezi mwanga wa maana. Maungio yafunge kwa tepu ya alumini. Bitana iishie sentimita 2 juu ya usawa wa kioo, kwa sababu sponji ikigusa maji huyanyonya na kuanza kunuka.

Niseme ukweli kuhusu faida yake. Tyubu humwaga mwanga pande zote, hivyo nusu yake huenda juu, na bitana huirudisha chini. LED za ukanda tayari zinatazama chini, kwa hiyo faida hupungua: unaokoa ule mwanga unaopiga kuta za pembeni na ule unaodunda kutoka kwenye maji. Ukiwa huna bitana, rangi nyeupe isiyong'aa pekee ni nzuri kuliko watu wanavyodhani. Ndiyo maana niliipaka kwanza: bitana ikibanduka siku moja, chini yake bado kuna kitu kinachofanya kazi. Lakini bitana hii ina faida ya pili. Ile sponji huzuia joto la jua la dirishani lisipenye mbao, na plaiwudi haipati mvuke moja kwa moja.

Feni ziingize au zitoe?

Ziingize. Nimejaribu njia zote mbili. Feni ikivuta hewa kutoka ndani, mvuke wote hupita kwenye mota yake, na baada ya miezi minne nilikuwa nasikia mkwaruzo wa kutu. Ikisukuma hewa ya chumba kuingia, yenyewe inabaki kavu. Zifunge kwa nje ya ubavu wa kushoto, mshale ulio ubavuni mwa feni ukielekea ndani. Kama hakuna mshale, iwashe na ushike uzi mbele yake. Hewa hutokea upande wenye zile nguzo nne zinazoshika mota.

Kati ya feni na mbao weka vipande vya tyubu ya baiskeli, usiku utanishukuru. Wavu wa mbu uweke upande wa ndani, na mwingine kwenye dirisha la kutokea. Huzuia gapi kuruka, mende kuingia, na mjusi aliyependa kulala juu ya taa yangu.

Kama tangi lako lilikuja na kioo cha kufunika maji, kiondoe. Maji yaliyofunikwa hayatoi mvuke, na bila mvuke feni zitapoza sanduku tu.

Taa na nyaya

Ukanda hukatwa kwenye alama ya shaba, kila baada ya LED tatu, yaani sentimita 5. Kata vipande vitatu vya sentimita 80, vibandike kwenye mifereji ya alumini, na uifunge mifereji chini ya mlango juu ya vijiti vya mbao vya sentimita 1, ili upepo upite pande zote mbili za alumini. Jumla ni mita 2.4, karibu wati 35, yaani ampea 2.9. Ongeza feni mbili na unafika kama 3.4. Adapta ya ampea 5 inabeba mzigo huo bila kuungua, na ninapendelea mzigo usizidi ampea 4. Ya kwanza niliyonunua ilikuwa nyepesi mkononi kama kiberiti kitupu, ingawa imeandikwa ampea 5, na ilianza kunuka plastiki siku ya pili. Ipapase yako baada ya saa moja: vuguvugu ni sawa, ya kuunguza irudishe.

Lehemu maungio, yafunike kwa silikoni, na uache kitanzi cha waya cha sentimita 20 karibu na bawaba ili mlango ukifunguka waya usivutike. Taa na feni ziwe na swichi tofauti.

Thamostati iweke kwenye kikopo cha plastiki nje ya kifuniko, ubavuni mwa stendi. Volti 12 na hasi huingia palipoandikwa hivyo. Waya chanya wa feni hupita kwenye K0 na K1, ambazo ni kama swichi tu. Kihisio kitumbukize majini mbali na hita. Shikilia kitufe cha kuweka hadi uone P0, uchague C, maana yake kupoza. Nenda P1, tofauti ya nyuzi kati ya kuwaka na kuzima, uweke 1. Kisha weka joto: 26 kwa gapi na tetra wengi. Kwa samaki wa dhahabu weka 22. Kama una hita kwenye tangi la gapi, iweke nyuzi 24 au chini, la sivyo hita na feni zitashindana usiku kucha na utalipa stima ya zote mbili.

Waya unaokwenda kwenye soketi ushuke chini ya usawa wa soketi kabla ya kupanda kuingia, ili tone la maji likifuata waya lidondokee sakafuni. Na kama nyumba yako haina kikata-umeme cha kugundua uvujaji, nunua kile cha kuchomeka. Hapo usibane matumizi.

Stima ikipotea mchana wa Februari, feni zako bado zinaweza kuishi. Betri ya volti 12 ya saa-ampea 7, ile ya kengele za usalama, huziendesha feni mbili kwa saa nane hivi bila kuiharibu. Zima taa, unganisha feni tu.

Wiki ya kwanza

Andika joto mara tatu kwa siku: asubuhi, saa tisa alasiri, na kabla ya kuzima taa. Taa ziwake kwa muda wa saa nane kwa siku. Joto likibaki juu ya 27 ilhali feni zinazunguka, shika karatasi ya chooni mbele ya dirisha la kutokea. Isipopepea, kuna kitu kimeziba njia, mara nyingi bitana iliyoingia mbele ya tundu.

Maji yatapungua. Kwangu siku ya jua kali huondoka lita moja hadi moja na nusu, na hilo ndilo joto linaloondoka. Weka alama ya tepu kwenye kioo na ujaze kila jioni. Mvuke huacha chumvi zake nyuma, kwa hiyo usijazie maji ya kisima siku zote. Visima vingi vya Nairobi vina floridi na madini mengi, na yatajikusanya. Maji ya mfereji yaliyotiwa dawa ya kuondoa klorini, au ya mvua baada ya dakika za kwanza za kuosha paa, ni bora. Na usikose kubadilisha sehemu ya maji kila wiki kama kawaida, kwa kuwa kujazia hakuondoi uchafu.

Mwezi wa Juni feni zitakaa siku nyingi bila kuwaka. Hapo kata kipande cha ile ngao ya gari kilichobaki, ukibandike nusu ya dirisha la kutokea na kwenye feni moja, ili hita isipashe joto chumba kizima. Kitoe Oktoba, na kabla ya kuziwasha feni tena zipanguse vumbi kwa brashi ya meno.